Mvinyo wa Uingereza: jinsi ya kuuchagua na chakula cha kuunywea

Mgeni akikaa kwenye meza yangu na kuniuliza mvinyo gani mzuri, huwa namrudishia swali: utakula nini? Nahudumu katika mgahawa mmoja mjini Lewes, kusini mwa Uingereza, na sehemu kubwa ya mvinyo wetu inatoka kwenye mashamba ya hapa hapa Sussex na jirani zake Kent, Surrey na Hampshire. Kwetu ni Mpunguzi, Dodoma, kwa hiyo mzabibu si mgeni kwangu. Ndugu na marafiki wanaoishi huku hunitumia picha za chupa wakiwa wamesimama dukani: "Kaka, hii je?" Majibu ninayowapa nimeyaweka hapa pamoja, ili siku nyingine nikiwa nimebeba sahani nne mkononi wajijibu wenyewe. Kama hunywi, kwa dini au kwa hiari yako, yatakufaa siku utakayotakiwa kununua zawadi au kupanga meza yenye wageni mchanganyiko.

Shika uchachu kwanza

Ukiuelewa uchachu, mvinyo wa Uingereza umeuelewa. Dodoma jua linaivisha zabibu upesi: sukari inapanda, uchachu unashuka, na shamba linavunwa mara mbili kwa mwaka. Kusini mwa Uingereza uko nyuzi 51 kaskazini mwa ikweta. Mzabibu unachipua Aprili, unatoa maua mwishoni mwa Juni au Julai ikianza, na unavunwa mara moja tu, kuanzia mwisho wa Septemba hadi Oktoba, asubuhi za ukungu ambazo mchumaji anavaa glavu na bado vidole vinamuuma. Tunda linaiva kwa kusuasua. Sukari inapanda kidogo kidogo, uchachu haukubali kuondoka. Siku ya kukamua si ajabu kukuta gramu 10 za asidi au zaidi katika lita moja ya juisi, na mvinyo ukishakamilika kilevi chake mara nyingi ni asilimia 11 au 12 tu.

Mtu aliyezoea mvinyo mzito wa Afrika Kusini akionja kwa mara ya kwanza hukunja uso. Mwache ale kwanza. Uchachu huu unafanya kazi ile ile ya ndimu juu ya samaki wa kukaanga: unakata mafuta, unaamsha chumvi, unafanya utamani tonge jingine. Ndiyo maana nasema mvinyo wa hapa ni wa mezani. Ukiunywa mtupu kwenye kochi mbele ya televisheni, umeudhulumu.

Jifunze kuutambua. Kunywa funda moja, meza, kisha funga mdomo na uinamishe kichwa kidogo. Mate yakijaa haraka pembeni mwa ulimi, huo ni uchachu, na kadiri yanavyozidi ndivyo ulivyo mwingi. Ulimi na fizi zikikauka na kukwaruza, huo ni ukakasi, unaotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu nyekundu. Katika mvinyo wa hapa ukakasi ni haba. Ukishatofautisha hivyo viwili, nusu ya kazi ya kuchagua chakula umeimaliza.

Lebo kabla ya bei

Chupa ikiandikwa "English wine" au "Wine of England", zabibu zake zimeota kwenye udongo wa hapa. Ikiandikwa "British wine", irudishe kwenye rafu. Hiyo hutengenezwa nchini kwa juisi nzito ya zabibu iliyoagizwa kutoka nje, ikazimuliwa kwa maji na kuchachushwa kiwandani. Ni halali na ni rahisi kwa bei, ila si mvinyo ninaouzungumzia. Zote mbili unaweza kuzikuta duka moja, na asiyejua hudhani ni ndugu. "Welsh wine" ni ya mashamba ya Wales, na hiyo ni halisi.

Kwenye mvinyo wa mapovu, ambao ndio fahari ya nchi hii, tafuta maneno "Traditional Method". Maana yake mapovu yamezaliwa ndani ya chupa ileile uliyoishika, kama inavyofanyika Champagne, kule Ufaransa. Kisha angalia utamu. "Brut" ina sukari isiyozidi gramu 12 kwa lita, nayo ndiyo iliyojaa madukani. "Extra Brut" haizidi gramu 6, kwa hiyo ni kali zaidi. "Demi-Sec" ni kuanzia gramu 32 hadi 50, tamu ya wazi. Hili la Demi-Sec likumbuke, nitalirudia kwenye keki.

"Blanc de Blancs" ni mapovu ya zabibu nyeupe peke yake, kwa kawaida Chardonnay. "Blanc de Noirs" ni mvinyo mweupe uliokamuliwa kwa zabibu nyeusi. Rangi imo kwenye ganda. Ukikamua taratibu na kuyatenga maganda mapema, juisi inatoka nyeupe. "Classic Cuvée" ni mchanganyiko, na kwa anayeanza ndiyo chupa ya kuanzia. Ukiona jina "Sussex" limeandikwa kama asili ya mvinyo, hilo ni jina linalolindwa kisheria tangu 2022, na mtengenezaji hawezi kulitumia bila kutimiza masharti.

Mwaka una uzito hapa kuliko nchi za jua. Mwaka 2012 mvua ilinyesha mpaka Nyetimber, moja ya majina makubwa ya Sussex, wakaamua kutotengeneza mvinyo kabisa. Mwaka 2018 majira ya joto yalikuwa ya kweli, zabibu zikaiva nyingi na nzuri. Ukikuta chupa ya mapovu ya 2018 kwa bei unayoimudu, usijiulize mara mbili. Zisizoandikwa mwaka, zile zenye "NV", zimechanganywa miaka tofauti ili ladha isiyumbe, na hazina kosa lolote.

Zabibu zenyewe

Zaidi ya theluthi mbili ya mizabibu ya nchi hii ni ya aina tatu: Chardonnay, Pinot Noir na Meunier. Ni zile zile za Champagne, na si kwa bahati. Miamba ya chokaa inayoonekana kwenye vilima vya South Downs na North Downs ni ya mkanda mmoja na ile ya kaskazini mwa Ufaransa; bahari imekatiza tu katikati. Ila usiamini kila muuzaji anayekuimbia chokaa. Gusbourne, kule Appledore katika Kent, wana mizabibu kwenye mfinyanzi, na mvinyo wao unakubalika kokote.

Chardonnay ya hapa ikiwa changa ina limau na tofaa la kijani. Inaupa mvinyo wa mapovu uti wa mgongo, na ndiyo inayoufanya udumu miaka kumi ghalani bila kuchoka. Pinot Noir inaleta mwili, yaani uzito mdomoni, na harufu ya stroberi na cheri. Meunier inaiva mapema, inavumilia baridi, na inaongeza utamu wa matunda unaoufanya mvinyo uzoeleke haraka. Kila mmoja anachanganya kwa kadiri yake. Nyetimber ndio walioonyesha kwamba inawezekana: Stuart na Sandy Moss, mke na mume kutoka Chicago, walipanda aina hizo tatu West Chiltington mwaka 1988, wakati wengi walikuwa wanaamini nchi hii inafaa aina za Kijerumani tu. Mwaka 2010 ikawa zamu ya Ridgeview, walioko Ditchling, maili chache kutoka hapa nilipo: Blanc de Blancs yao ya 2006 ilichukua tuzo ya juu ya mvinyo wa mapovu katika mashindano ya jarida la Decanter, na shampeni zikiwemo.

Bacchus ndiyo zabibu ninayoipenda zaidi, na ndiyo inayowababaisha wageni kwa sababu hawajawahi kuisikia. Ilizalishwa Ujerumani mwaka 1933 kwa kuchanganya mchanganyiko wa Silvaner na Riesling pamoja na Müller-Thurgau. Kwao Ujerumani, mahali penye joto, haina maajabu sana. Huku kwenye ubaridi imepata kwao. Sogeza pua kwenye glasi ya Bacchus nzuri: kwanza majani mabichi yaliyokatwa sasa hivi, halafu ganda la balungi, halafu yale maua meupe madogo ya mti wa elda yanayojaa kando ya njia za mashamba mwezi Juni. Ukiingiza mdomoni ni mkavu, yaani hauna utamu wa sukari, mwepesi, mkali kama inavyotakiwa. Mara nyingi haina mapovu na haipitishwi kwenye pipa. Chapel Down wa Tenterden wana Bacchus inayopatikana madukani kwa urahisi; Camel Valley, kule Cornwall, wana moja inayoitwa Darnibole ambayo ni ya siku ya kujitunza. Bacchus inywe ikiwa changa, mwaka mmoja hadi mitatu. Ukiitunza kwa ajili ya ubatizo wa mtoto ambaye bado hajazaliwa, utakuta harufu yote imekwenda zake.

Seyval Blanc ni zabibu ya wakulima waliokuwepo kabla ya pesa kuingia. Ni chotara ya Kifaransa, haishikwi na ukungu kirahisi, inazaa hata mwaka mbaya. Kuna wanaoidharau. Nawapeleka Breaky Bottom, shamba dogo lililofichika bondeni hapa karibu na Lewes, lililopandwa 1974, wakaonje mapovu ya Seyval yaliyokaa miaka kadhaa chupani. Huwa wananyamaza.

Ortega inaiva mapema na ina harufu ya pichi. Biddenden wa Kent, walioanza 1969, wamejijengea jina kwayo. Inamfaa anayelalamika kwamba kila kitu huku ni kichachu. Reichensteiner, Madeleine Angevine, Schönburger na Solaris utazikuta kwenye mashamba madogo, mara nyingi zimechanganywa. Ukiwa shambani onja, ukiwa dukani usihangaike nazo.

Nyekundu? Hapa nasema wazi. Rondo, Dornfelder na Regent zinatoa rangi ya kutosha, lakini mvinyo wake mwingi nimeuona mwembamba, na bei yake inanunua chupa mbili nzuri za Ureno. Pinot Noir isiyo na mapovu ni habari nyingine. Bonde la mto Crouch, Essex, ni kukavu na kuna joto kuliko sehemu nyingi za nchi, na Danbury Ridge wanatoa huko Pinot Noir ambayo mgeni Mfaransa aliyekuwa mezani kwangu aliigeuza chupa kuisoma lebo upya. Ni ghali. Nunua ukiwa na sababu.

Kwa nini bei iko juu

Mapovu ya hapa kwa kawaida ni pauni 25 hadi 45, na Bacchus ya heshima haipungui sana chini ya 14. Watu huniuliza kwa nini ununue hiyo wakati Prosecco ni 9. Prosecco nyingi inachachuka mara ya pili ndani ya tangi kubwa kwa wiki chache, inatiwa chupani, inauzwa. Huku mvinyo unatiwa chupani pamoja na sukari na hamira, unafungwa, unachachuka humo polepole. Hamira ikishakufa inabaki chini kama mashapo, na mvinyo unalala juu yake; sheria inataka angalau miezi tisa, wanaojiheshimu wanaacha miaka miwili, mitatu na zaidi. Ile harufu ya mkate wa kubanika na lozi inatoka kwenye mashapo hayo. Kisha chupa inageuzwa kidogo kidogo mpaka mashapo yashuke shingoni, shingo inagandishwa, kizibo kinafunguliwa, bonge la mashapo linaruka nje kwa nguvu ya gesi, na chupa inajaziwa na kufungwa upya kwa kizibo cha gamba. Kila chupa, moja moja.

Ongeza jalidi. Usiku mmoja mbaya wa Aprili au Mei unaua machipukizi ya msimu mzima, kwa hiyo utaona wakulima saa tisa za usiku wakiwasha mamia ya mishumaa mikubwa katikati ya mistari ya mizabibu. Mishumaa hiyo nayo inanunuliwa.

Na Waingereza hawatakuacha uondoke bila kukutajia Christopher Merret. Mwaka 1662 alisoma mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, andiko linaloeleza jinsi wafanyabiashara wa London walivyokuwa wakitia sukari kwenye mvinyo ili uwe na mapovu. Dom Pérignon, yule mtawa wa Champagne ambaye wengi humsifu kwa kuvumbua mapovu, alikuwa bado hajafika kwenye monasteri yake. Tanuri za vioo za huku zilikuwa zinatumia makaa ya mawe, zikatoa chupa ngumu isiyopasuka kwa gesi. Mfaransa akiwa mezani, simulizi hii naiweka mfukoni.

Mezani

Anza na samaki na chipsi. Nasema kweli. Chukua samaki mweupe wa kukaangwa ndani ya unga uliovimba, chipsi nene, chumvi ya kutosha, na Classic Cuvée baridi. Mafuta yanakutana na uchachu, ukavu wa unga unakutana na mapovu. Shida ni siki. Mwingereza anamwagia siki ya shayiri mpaka karatasi inalowa, na siki ikizidi uchachu wa mvinyo, mvinyo unaonekana maji. Tia chumvi, acha siki, au itie kwenye chipsi za mwisho ukishamaliza glasi.

Kanuni iliyo nyuma ya hilo ni fupi: uchachu wa chakula usizidi wa mvinyo, na utamu wa chakula usizidi wa mvinyo. Mengine yote ni vionjo.

Chaza wa Whitstable, Kent, wanataka Blanc de Blancs, Brut au Extra Brut. Chaza wa asili wa huko wana msimu wao, Septemba hadi Aprili. Mkamulie tone la limau, si zaidi. Usimtie mchuzi wa pilipili wa chupa halafu ukaniuliza mvinyo umekwenda wapi.

Kaa wa Cromer, aliyetolewa nyama na kupakwa kwenye mkate wa ngano, ni wa Bacchus. Asparagasi vilevile. Asparagasi inajulikana kuharibu mvinyo, inaufanya uwe na ladha ya bati, lakini Bacchus tayari ina ile harufu ya majani mabichi ndani yake, na vinaelewana. Msimu wake wa jadi huku unaanza Aprili 23 na kuishia Juni katikati au mwishoni. Nje ya hapo unakula iliyosafiri kwa ndege. Ichemshe dakika tatu, siagi, chumvi, jibini changa la mbuzi limevunjwavunjwa juu. Mlo huo na glasi ya Bacchus nampa mgeni asiyeamini mvinyo wa hapa, na sijapata haja ya kumhubiria.

Kuku wa kuoka wa Jumapili, pamoja na viazi vyake na mchuzi mzito, anataka Chardonnay isiyo na mapovu iliyopita kwenye pipa la mwaloni. Guinevere ya Gusbourne au Kit's Coty ya Chapel Down zina mwili wa kutosha. Katika nyingi za aina hii uchachu wa tofaa umegeuzwa na bakteria kuwa uchachu wa maziwa, ndiyo sababu zinateleza zaidi mdomoni. Chewa, kambare, samaki yeyote wa mchuzi wa krimu, ni humo humo.

Samoni wa moshi: mapovu ya waridi. Nguruwe wa kuoka mwenye ngozi inayovunjika: Blanc de Noirs. Mwanakondoo wa nyanda za Romney, aliyeachwa na wekundu katikati: Pinot Noir, iliyowekwa kwenye friji dakika ishirini kabla. Bata na uyoga pia ni marafiki wa Pinot. Nyama ya ng'ombe iliyochemshwa saa nne na mchuzi mweusi, au nyama choma yenye moshi mwingi, agiza mvinyo wa nchi nyingine au bia. Mvinyo wa hapa utafunikwa. Stilton, lile jibini lenye mishipa ya buluu, halitaki mvinyo mkavu hata kidogo. Cheddar iliyokomaa inakubaliana na mapovu yaliyozeeka, na Baron Bigod, jibini laini la Suffolk, likianza kutiririka kwenye sahani linataka Blanc de Blancs tu.

Sasa jikoni kwetu. Sambusa, bhajia, viazi karai, kachori: mapovu, bila mjadala. Nimeshawapa wenzangu wa jikoni viazi karai na Classic Cuvée baada ya zamu, na sasa wapishi wawili wa Sussex wanajua bizari. Samaki wa kupaka, aliyebanikwa na tui likakauka juu yake, anakwenda na Bacchus, mradi ukwaju usizidi. Pilau ina mdalasini, karafuu na iliki, haitaki kitu cha harufu kali. Mpe Blanc de Noirs au Pinot Noir nyepesi. Kachumbari pembeni ndiyo yenye ugomvi kwa sababu ya ndimu na pilipili. Pilipili huchochewa na kilevi, na kwa kuwa mvinyo wa hapa una kilevi kidogo inaumiza kidogo, lakini kama mkono wako wa pilipili ni wa kwetu hasa, nenda kwenye Ortega au chupa yenye utamu kiasi. Kitimoto cha kukaanga na ndizi, ukiwa unakila, ni Blanc de Noirs.

Na keki. Harusi nyingi za ndugu zetu huku hufungua mapovu ya Brut wakati wa kukata keki, kila mtu anakunja uso, mvinyo wa pauni 30 unaachwa nusu glasi mezani. Sukari ya keki imeufanya uonekane siki. Fungua Brut wageni wanapoingia, sambusa zikiwa zinapita. Wakati wa keki leta Demi-Sec. Cuvée Chérie ya Nyetimber ni ya aina hiyo. Stroberi na krimu za Juni ni vivyo hivyo.

Kufungua na kumimina

Friji ya kawaida inahitaji saa tatu hivi kupoza chupa. Ndoo yenye barafu na maji, nusu kwa nusu, inamaliza kwa dakika ishirini hadi thelathini. Barafu tupu bila maji inachelewesha kwa sababu haigusi chupa pande zote. Mapovu na Bacchus ni nyuzi 8 hadi 10, Chardonnay ya pipa 11 au 12, Pinot Noir 14. Baridi ikizidi harufu inafungwa, ukashindwa kujua umelipia nini.

Ndani ya chupa ya mapovu kuna shinikizo la karibu mara sita la hewa tuliyomo, hivyo usiielekeze usoni kwa mtu. Bandua karatasi. Weka kidole gumba juu ya kizibo kabla hujagusa waya, na usikiondoe tena. Kile kipete cha waya kinazunguka nusu duara mara sita. Legeza, lakini acha waya palepale juu, unasaidia mshiko. Inamisha chupa nusu, shika kizibo kwa mkono mmoja, na uzungushe chupa kwa mkono wa pili, chini kwenye kitako. Utahisi kizibo kinaanza kukusukuma. Kizuie, kisukume kinyume kidogo, kitoke kwa kupumua tu. Mlio wa bunduki ni wa sinema. Kila ukilia, mvinyo na gesi vinamwagika.

Glasi nyembamba ndefu zinapendeza kwenye picha lakini zinanyonga harufu. Tumia glasi ya kawaida ya mvinyo mweupe. Ioshe kwa maji moto na isuuze vizuri, maana mabaki ya sabuni yanaua mapovu. Mimina vidole viwili, subiri povu litulie, ndipo ujaze hadi nusu.

Baa na migahawa huuza mvinyo usio na mapovu kwa vipimo vya mililita 125, 175 au 250. Usipotaja, wengi wanakumiminia 175. Ya 125 lazima wawe nayo. Iombe, onja, ndipo uagize chupa.

Ikibaki, funga kwa kizibo cha chuma cha mapovu, cha pauni chache tu, rudisha kwenye friji, na uimalize ndani ya siku mbili. Kijiko kinachoning'inizwa shingoni hakifanyi kitu.

Ukitaka kuonja kabla ya kununua

Mashamba mengi yana chumba cha kuonjea na hutembeza wageni. Weka nafasi mapema, hasa Juni hadi Oktoba. Usiendeshe gari. Denbies, Dorking, ndiyo rahisi kwa anayetoka London, kwa sababu unashuka treni kituo cha Dorking na kutembea kwa miguu, na ni moja ya mashamba makubwa nchini, limepandwa tangu 1986. Rathfinny, karibu na Alfriston, wana mteremko unaoangalia bahari. Ridgeview wanakuuzia kwa glasi, kwa hiyo unaweza kulinganisha mbili au tatu pamoja na chakula. Ukifika popote, muulize anayekumiminia chupa hiyo ilitenganishwa na mashapo lini. Wengine wameandika tarehe nyuma ya lebo. Iliyotoka miezi miwili iliyopita bado ina ukali wa ujana. Iliyopumzika nusu mwaka au zaidi imeshatulia, na hiyo ndiyo ya kufungua usiku huu. Nyingine nunua uitunze, ilaze mahali penye giza na ubaridi, mbali na jiko.